Pongo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Bi Maryam, alikaa siku nyingi bila kula kitu. Uji aliusukuma, maziwa aliyasukuma, hata supu ya kuku wa kienyeji niliyemkimbiza mwenyewe uwanja mzima aliisukuma. Halafu Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, akafumbua macho na kuniambia, "Nasima, natamani pongo."

Nikadhani anaweweseka. "Pongo yupi, mama?"

"Wako wangapi? Pongo wa porini. Nataka supu yake. Tia ndimu na pilipili manga. Nyanya usitie."

Huyo ndiye Bi Maryam. Yu kitandani, anavuta pumzi kwa taabu, na bado anakataza nyanya.

Alizaliwa Pemba, akaletwa bara na marehemu mumewe, mzee Yussuf, ambaye alikuwa mwindaji. Wakaweka nyumba hapa kijijini, ukiacha lami ya Horohoro ukaingia ndani, mahali ambapo pori linaanzia nyuma ya jiko. Mimi ni mtoto wa Usagara, Tanga mjini, nimekulia kwenye taa na kelele za majirani. Niliolewa hapa nikiwa sijui pongo anafanana na nini. Bi Maryam ndiye aliyenifundisha kila kitu, kwa ukali wake huohuo, mpaka nikawa simwogopi tena, nampenda tu. Hospitali walituambia kwa adabu tumrudishe nyumbani, na mtu mzima akiambiwa hivyo hahitaji kufafanuliwa.

Mume wangu, Yaqoub, alikuwa amesimama mlangoni. Mimi humwita Baba Saleha, kwa jina la binti yetu. Nikisema maneno kumi yeye hujibu nusu ya neno, na hiyo nusu nayo mpaka umkamue. Alimsikia mama yake, akatoka bila kusema lolote, nikamwona ameitoa bunduki ya marehemu baba yake anaifuta. Kibali cha kuwinda anacho, kila msimu huenda kukikata.

"Yaqoub!" Bi Maryam akaita. "Achinjwe akiwa hai. Nyamafu simli. Na aliyelala porini na jeraha, akakutwa asubuhi amekufa, simtaki kinywani mwangu hata mniletee fatwa. Nataka kukutana na Mola wangu na tumbo safi. Wala msinidanganye, nitajua."

"Sawa, mama."

"Sawa gani? Sema inshallah."

"Inshallah, mama."

Alasiri ile shemeji yangu Rama, mdogo wake Yaqoub, alirudi kutoka kukagua mizinga yake ya nyuki kule ng'ambo ya shamba letu la kunde. Rama ni mtu wa kutafuna tambuu. Asubuhi tambuu, mchana tambuu, nasikia hata usingizini shavu lake halikosi donge. Midomo imekuwa myekundu mpaka wageni humwonea huruma wakidhani ameumia. Akapita mlangoni kwangu, akatema puu.

"Shemeji Rama! Ukitema tena hapo nitakupangusisha kwa ulimi!"

"Shemeji nawe, hii ni dawa ya meno."

"Dawa ya meno gani, na meno yenyewe yamebaki ya kuazima?"

Akacheka, akaingia kumsalimia mama yake. Ndivyo tulivyo. Rama nisipomtukana siku mbili huja kuuliza kama naumwa.

Jua lilipokuwa linazama tukasikia mlio wa bunduki, mmoja. Nikaanza kuosha sufuria kubwa. Baba Saleha hapigi mara mbili, watu wote wanajua. Humsubiri mnyama mpaka amkaribie kama vile anataka kumpa mkono, akipiga mnyama huanguka papo hapo. Kijiji kizima kinamsifu kwa hilo. Wanasema huyo ndiye mwindaji, hamtesi kiumbe.

Siku hiyo alirudi mikono mitupu.

"Nimempiga," alisema. "Hakuanguka. Ameingia porini."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa inatetemeka. Mwanamume huyu nimeishi naye miaka ishirini na ushee, nimemwona akimzika baba yake, sikuwahi kuiona mikono yake ikitetemeka. Nikajua kwamba alipovuta kifyatulio alikuwa anamwona mama yake, siyo pongo.

Rama akaruka. "Twendeni sasa hivi!"

"Tumwache alale kwanza," Yaqoub akasema. "Tukimkimbiza sasa, ataishia Kenya. Tutakwenda baada ya isha."

Baada ya kuswali isha Bi Maryam akaniita. Akaniambia nifunge mlango. Mle ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya karafuu, maana miguu yake nilikuwa namkanda nayo kila jioni.

"Nenda naye," akasema.

"Mimi? Porini? Mama, Rama yupo, ana macho."

"Rama ana mdomo. Nenda wewe. Hasina jirani atakaa na mimi." Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Yaqoub haoni damu."

"Haoni damu vipi? Anaiogopa?"

"Haioni. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Damu ikidondoka kwenye jani, yeye anaona jani. Yuko hivyo tangu mtoto. Nikimtuma kuchuma pilipili mbivu analeta mbivu na mbichi pamoja, baba yake anamchapa, kesho analeta vilevile. Mpaka marehemu akatambua kwamba huyu mtoto si mtundu. Ndipo tukafunga midomo. Mwana wa mwindaji haoni damu! Wangemcheka mpaka akahama. Basi wakawa wanakwenda wawili, baba anaona damu, mwana anasoma nyayo. Mzee alipofariki tukabaki tunaojua wawili, mimi na Yaqoub mwenyewe. Unadhani kwa nini humsubiri mnyama mpaka karibu vile? Anaogopa asije akamjeruhi halafu akashindwa kumfuata."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Halafu, wallahi, neno lililonitoka silo nililotaka kulisema.

"Na kanga zangu?"

Bi Maryam akafumba macho. "Nilichagua mimi."

Loh! Hebu sikiliza. Kila Idi tangu niolewe, Baba Saleha huniletea kanga nyekundu. Siyo nyekundu ya hivihivi, ni ile nyekundu inayonipendeza mimi na rangi yangu. Nimejivuna nazo kwenye harusi za watu. Nimewaambia wanawake wenzangu pale Usagara, nyie waume zenu wanawaletea matandiko, mimi wangu ana jicho. Kumbe jicho lenyewe la mama mkwe! Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni.

"Ulizipenda, hukuzipenda?" akaniuliza.

"Nilizipenda."

"Basi usinifokee na mimi mgonjwa."

"Sijasema kitu, mama."

"Nakusikia unavyopumua." Akanyoosha mkono, mwepesi kama ganda la kitunguu, akanishika kiganja. "Nasima. Mimi nakwenda. Nani atakuwa macho yake?"

Nilijipangusa kamasi kwa upindo wa kanga niliyojifunga, na hata hiyo alikuwa ameichagua yeye.

Tukatoka watu watatu, kila mmoja na tochi yake. Nilivaa viatu vya mpira vya Saleha vilivyonibana vidole, nikafunga kanga yangu juu ya gauni kibwebwe. Mbwa sisi hatufugi, kwa hiyo ilikuwa ni macho yetu tu. Mwezi ulikuwa mkubwa lakini haujapanda juu, na baridi ya usiku ilikuwa imeanza kushuka. Rama alitangulia. Donge lilikuwa shavuni kama kawaida.

Pembeni mwa shamba la kunde Rama akaimulika damu ya kwanza. "Hii hapa!" Yaqoub akachuchumaa, akapapasa ardhi. Hapo ndipo nilipomtazama mume wangu kama mtu ninayemwona leo. Nikaona jinsi anavyosubiri Rama aseme kwanza hii hapa, ndipo yeye ainame, aitikie kwa kichwa, kama mtu ambaye naye ameiona. Alivyofanya kwa ustadi! Nilimwonea uchungu, na papo hapo nilitaka kumpiga kofi. Miaka yote hiyo!

Tukafuata. Alama za kwato zilikuwapo, damu ilikuwapo, kidogo hapa, kidogo pale. Tukafika mahali ambapo njia ya kwenda kwenye mizinga ya Rama inakata pori. Rama akapiga kelele.

"Yallah! Tazameni damu hii! Ameumia vibaya huyu, hafiki mbali!"

Nami nikaiona. Madoa mekundu, makubwa, yamelowa umande, yametapakaa kwenye majani mapana kando ya njia. Nikamulika mbele, mengine. Nikahisi nimekuwa mtu wa maana pale porini. "Nyingine hii, Baba Saleha, kwenye jani la kushoto. Nyingine ile pale." Tukaenda, mimi na Rama mbele, tunashindana kuona, na Yaqoub nyuma anazidi kupunguza mwendo. Mwisho akasimama kabisa.

"Huku hajapita mnyama," akasema.

"Kaka!" Rama akamgeukia. "Damu hiyo! Unataka akuandikie barua?"

"Sioni ukwato hata mmoja."

"Ukwato wa nini, na damu iko mbele ya macho yako?"

Yaqoub akainama tena. Mbele ya macho yake kulikuwa na majani. Nilijua sasa, nikashindwa kuvumilia. Nikamvuta mkono, nikamsogeza pembeni kidogo, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Saleha, niamini. Damu ipo. Mimi naiona."

Akanitazama. "Mama amekwambia."

"Ameniambia."

"Mimi ningekwambia."

"Lini? Saleha akishapata wajukuu?" Sauti ilikuwa imeanza kunipanda, nikaishusha. "Kwa nini ulinificha mimi? Mimi wa kunificha?"

Alitazama chini, akawa kama anazungumza na buti zake. "Kanga ya kwanza niliyokuletea, tulipokuwa wachumba. Ulisema umenikubali kwa sababu umeona naweza kuchagua rangi. Ulisema wanaume wote uliowaona hawajui rangi."

Subhanallah. Nilisema kweli. Nilikuwa msichana, nilisema kama wasichana wanavyosema, nikasahau kabla kanga yenyewe haijafuliwa. Yeye akaibeba ile kauli miaka yote, na kila Idi anakwenda kwa mama yake kama mtoto, mama, nisaidie. Hasira zikanishuka zote. Nilitaka kumkumbatia, lakini Rama alikuwa anatumulika.

"Nyie mnanong'ona nini huko? Mama anasubiri supu!"

"Haya," nikamwambia Yaqoub. "Sasa najua. Macho yangu ni yako, chukua. Nakwambia damu iko hapa kwenye jani hili."

Nikalichuma jani, nikamtia mkononi. Akalisugua kwa kidole gumba, akalipeleka puani. Akatulia. Akanusa tena. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanze kukataa chakula, nikaona mdomo wake unataka kucheka.

"Nusa," akaniambia.

Nikanusa. Karafuu. Karafuu, na chokaa, na tumbaku.

Nikageuka taratibu, nikamulika tochi mdomoni mwa Rama.

"Shemeji Rama. Leo alasiri ukitoka kwenye mizinga ulipita wapi?"

"Njia hii hii, kwani kuna..." Akaacha kutafuna. Akatazama njia. Akatazama jani. Akameza, na sijui alimeza nini, maana tambuu haimezwi.

Mate! Tulikuwa tumeyafuata mate ya Rama! Watu wazima wawili wenye macho mazima, tunashangilia kila tone, hii hapa, ile pale, na ilibaki kidogo tu nimwombee shifaa mnyama kwa jinsi alivyovuja. Mtu pekee ambaye hakudanganyika ni yule asiyeona nyekundu. Nilitaka nimtwange Rama kwa tochi, na nilitaka kucheka, na vyote viwili vilinikwama, kwa sababu nilipoangalia mbele niliiona mizinga yenyewe imetundikwa kwenye miti. Tulikuwa tumekwenda mbali mno. Mahali fulani nyuma yetu pongo alikuwa anakata roho peke yake, na nyumbani mama alikuwa anatusubiri.

Rama aliketi chini kwenye njia. Lile jitu lenye maneno mengi likaanza kulia kama mtoto. "Mama atakufa na hamu yake. Atakufa na hamu yake kwa ajili ya mate yangu mimi."

Yaqoub akamwendea, akamshika bega. "Inuka, Rama. Turudi kwenye ukwato wa mwisho nilioushika. Naukumbuka." Ndivyo alivyosema, ukwato nilioushika, kama mtu anayekumbuka mlango wa nyumba yake. Sikusikia hasira hata chembe kwenye sauti yake. Ningekuwa mimi, Rama angerudi nyumbani na nundu.

Tukarudi. Akapapasa, akaupata ukwato. Ulikuwa umeelekea kushoto, kwenye kichaka, mbali kabisa na njia. Tukamulika majani mamoja mamoja, mimi na Rama, na safari hii nilinusa kila kitu. Hatukuona damu. Jeraha pengine lilikuwa limejifunga, au ilidondoka chini ya nyasi.

"Zimeni tochi," Yaqoub akasema.

"Tutaonaje?" Rama akauliza.

"Zimeni. Na msitafute nyekundu. Gizani hata nyinyi hamna nyekundu."

Tukazima. Kwanza sikuona kitu. Halafu mwezi ukaanza kuniingia machoni, na pori likatokea polepole, lote la rangi moja, kama kitambaa kimoja. Mwezi sasa ulikuwa umepanda, na umande juu ya nyasi ulimetameta mahali pote. Nikafikiri, kumbe ndivyo anavyoona. Sivyo hasa, aliniambia baadaye, lakini pale nilifikiri hivyo, na sikuona kuwa ni vibaya.

"Umeuona mstari?" akaninong'oneza.

"Mstari gani?"

Akasimama nyuma yangu, akanishika kidevu, akanigeuza kichwa taratibu. Ndipo nikauona. Katikati ya ule umande wote uliong'aa kulikuwa na mahali peusi, pembamba, panapinda kuingia kichakani. Umande ulikuwa umepukuswa.

"Alikuwa amelala hapa karibu," akasema. "Kelele zetu zimemwinua, amepita sasa hivi, umande ukiwa umeshashuka. Tungemfuata mapema, umande ukiwa bado haba, asingeacha alama, tungempoteza. Tumshukuru Rama na mate yake."

"Usimpe kichwa," nikamwambia.

Akanishika mkono, tukaingia. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika mkono lini, sisi si watu wa kushikana mikono, tuna binti wa kuolewa. Kiganja chake hakikuwa kinatetemeka tena. Rama alifuata nyuma, amenyamaza, na hilo peke yake lilikuwa la kuandikwa.

Yaqoub akasimama. "Yule pale."

"Naona vichaka tu."

"Kichaka hakipumui."

Nikakodoa macho mpaka yakatoka machozi, sikuona. Majani makavu, matawi, vivuli. Akaniambia niwashe tochi, nimulike chini ya mti ulioinama. Nikawasha, na macho mawili yakaniwakia. Pongo dume, pembe zake zimesimama, manyoya mekundu juu ya majani makavu mekundu, na madoa meupe ubavuni. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia pumzi yake. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa.

Nilikuwa nimefikiri nitafurahi. Sikufurahi. Nilimwonea huruma kiumbe yule, alivyotutazama.

"Tusamehe, bwana," Yaqoub akamwambia, kwa sauti anayomsemeshea mama yake. "Nilikukosea. Ilikuwa uanguke jioni ile ile."

Rama alizunguka nyuma akamshika pembe, na hapo niliona faida ya lile jitu. Yaqoub akamgeuza kuelekea kibla, akachomoa kisu, akapiga bismillahi, Allahu akbar. Nilimulika. Mkono ulikwenda mara moja tu.

Kisha akabaki ameinama, hakuinua kichwa, akaniuliza, "Mama Saleha, damu imetoka vizuri?"

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza. Mbele ya mdogo wake, bila kuficha, aliniuliza.

"Imetoka, Baba Saleha," nikamjibu. "Nyingi. Nyekundu kabisa."

Rama alitutazama, mimi na yeye. Si mjinga, Rama, pamoja na mdomo wake. Aliweka sawa donge shavuni, akasema, "Kaka, kumbe ndiyo maana siku ile uliniuzia nyanya mbichi." Halafu akamkamata pongo miguu, akambeba begani, na hajawahi kulisema jambo lile kwa mtu mpaka leo.

Supu iliiva karibu na alfajiri. Nilitia ndimu, nikatia pilipili manga. Nilipoingia nayo, Hasina alikuwa amesinzia kitini lakini Bi Maryam alikuwa macho, ameukodolea mlango.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mama," Yaqoub akajibu.

"Nani ameona damu?"

Nikamsimulia. Nilimsimulia yote, na mate, na kushangilia kwetu, na Rama alivyomeza. Rama alisimama mlangoni ameinamisha kichwa kama aliyeshitakiwa. Bi Maryam alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi tumwinue, na aliendelea kucheka huku tumemshika, mifupa mitupu mikononi mwetu. Halafu akafungua kinywa, nikamlisha kijiko. Akameza. Kingine, akameza. Cha tatu alikishikilia mdomoni muda mrefu, amefumba macho, nikajua yuko mbali, yuko na mzee Yussuf wake.

"Hukutia nyanya," akasema.

"Sikutia."

"Na huyu, umemwambia kama nimekwambia?"

"Nimemwambia."

"Akakasirika?"

"Mimi ndiye niliyekasirika, mama."

"Afadhali," akasema. "Kwako wewe hasira ndiyo mapenzi." Akanirudishia bakuli. "Iliyobaki kunyweni nyinyi. Mimi nimeshiba."

Hakukaa sana baada ya hapo. Aliondoka kabla ya juma kwisha, asubuhi, wakati Yaqoub anamkanda miguu. Ile supu ndiyo ilikuwa riziki yake ya mwisho ya kukumbuka. Tulimzika karibu na mumewe. Rama hajaacha tambuu, lakini siku hizi hutembea na kopo, na akienda kwenye mizinga kopo hilo halitoki mkononi.

Ikaja Idi, Idi ya kwanza bila yeye. Nilijiambia mwaka huu hakuna kanga, na nikajiambia sijali, na nikaenda jikoni kulia kidogo huku nasingizia kitunguu. Baba Saleha alikuwa amekwenda Tanga tangu asubuhi. Akarudi adhuhuri, akaniwekea kifurushi mezani, akasimama pale mikono nyuma.

Nikafungua. Kanga jozi nzima, na maneno yake yameandikwa: Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

"Nimechagua mwenyewe," akasema. "Sikumuuliza mwenye duka, wala sikumuuliza mtu yeyote. Maneno niliyasoma, yakanifurahisha. Maua niliyapenda yalivyokaa." Akakohoa. "Ni ya rangi gani?"

Niliikunjua yote, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nilikuwa nimeahidi kuwa macho yake, na macho hayasemi uongo.

"Ya matope, Baba Saleha," nikamwambia. "Matope ya masika, na maua yake kama mboga iliyolala."

Akacheka, lakini mashavu yalimshuka. Akanyoosha mkono kuichukua. "Lete basi nikairudishe. Twende wote, utanionyesha nyekundu."

"Thubutu!" nikamwambia, nikaivuta. "Iguse uone."

Nikajifunga moja kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani, nikamshika mkono mchana kweupe, watoto wa jirani wanatuona, tukaenda kumzuru mama kaburini.